Maji ya mzee yapimwe kikombeni: namna ya kulinda maji ya kunywa kwenye nyumba ya wazee

Mimi ni muuguzi, nasimamia nyumba ya wazee pembezoni mwa Dar es Salaam. Wazee wetu wengi wamevuka miaka 70. Wapo waliopata kiharusi, wapo wenye kisukari na presha, wapo ambao kumbukumbu imewatoka hata hawajui kama wamekunywa maji leo au jana. Maji yetu yanatoka sehemu tatu: bomba la DAWASA (mamlaka ya maji ya jiji) siku zisizo za mgao, kisima chetu kirefu ambacho maji yake yana chumvi, na boza pale vyote viwili vinapokwama. Naandika kwa wenzangu wanaobeba mzigo huu huu: masista, wahudumu, wapishi, na fundi anayeshika ufunguo wa tangi, iwe kwenye nyumba ya wazee, ya yatima au ya watu wenye ulemavu.

Jambo ninalotaka mlishike ni hili. Wengi hupima maji bombani au kwenye tangi, wakiona yako sawa wanaridhika. Mzee hanywi kwenye tangi. Anakunywa kwenye kikombe kilicho pembeni ya kitanda chake, na maji hayo yametoka kwenye jagi lililojazwa kutoka kwenye ndoo iliyojazwa kwenye koki ya jikoni. Kila hatua hapo katikati inaweza kuyachafua. Kwa hiyo kipimo cha mwisho kifanyike kikombeni, kwenye kitanda kilicho mbali kuliko vyote na jiko, na kazi nyingine zote tuzipange kwa kurudi nyuma kutoka pale.

Kijana akinywa maji machafu huenda akaharisha siku mbili akapona. Mzee asidi ya tumbo lake imepungua, pengine kwa umri, pengine kwa dawa za vidonda vya tumbo, hivyo vijidudu vinapita kirahisi. Mwili wake una maji kidogo tangu mwanzo, figo zimechoka, na baadhi ya dawa za presha zinamkojoza kila saa. Kuharisha usiku mmoja kunatosha kumpa kizunguzungu, akaanguka akielekea chooni na kuvunjika nyonga. Ndiyo maana sikubali mtu aniambie "maji haya haya tunakunywa nyumbani na hatuumwi."

Tembea njia yote ya maji

Kabla ya kununua dawa yoyote, chukua karatasi na kalamu, mwite fundi na mpishi mkuu, mtembee kutoka maji yanapoingilia getini hadi kitanda cha mwisho. Choreni kila tangi, kila koki, kila ndoo, kila jagi. Andikeni nani anakigusa na kinaoshwa lini. Mtashangaa. Mara nyingi ndipo mnapogundua mfuniko wa tangi umepasuka, bomba la kumwagia bustani limeachwa limezama kwenye ndoo ya maji ya kupikia, au mhudumu wa usiku anachota kwa kikombe kwa sababu koki ya ndoo imevunjika na hakuna aliyeambiwa.

Kwenye bomba la mtaa, jueni kinachotokea wakati wa mgao. Maji yanayotoka mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini yamesafishwa na kutiwa klorini. Lakini bomba likikaa bila maji, msukumo ndani yake unakufa, na pale lilipopasuka maji ya mtaro au ya choo kilicho jirani yanaingia kidogo kidogo. Maji yakirudi, yanasukuma uchafu wote huo mbele yake. Kwa hiyo siku maji yanaporudi, funga koki ya kuingilia tangini, fungua koki ya chini iliyo karibu na mita, acha yatoke mpaka yawe meupe kabisa, kisha pima klorini ndipo uruhusu tangi lijae. Maji hayo ya kwanza yapeleke kwenye mapipa ya kudekia. Na usifunge mota inayonyonya moja kwa moja kutoka bomba la mtaa. Inanyonya pia kile kilicho nje ya matundu ya bomba. Maji yaingie kwanza kwenye tangi la chini kwa nguvu yake yenyewe, mota ipandishe kutoka hapo kwenda juu.

Kisima cha chumvi nacho kina mambo yake. Kuchemsha hakuondoi chumvi, wala naitreti inayotoka kwenye vyoo vya shimo. Kuchemsha sana ndiyo kunazidisha, kwa sababu maji yanapungua na chumvi inabaki. Hali kadhalika floraidi, kwa ndugu zetu wa Arusha na Meru. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaweka ukomo wa miligramu 50 za naitreti na 1.5 za floraidi kwa lita, na vitu hivi huvionji wala huvioni. Pelekeni sampuli kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyo kwenye kanda au mkoa wenu kabla ya kuamua kisima kinyweke. Sisi kisima chetu tumekitengea vyoo, kudeki na kufua. Kina bomba lake, na koki zake zimepakwa rangi nyekundu. Bomba la kisima lisiungwe popote na bomba la kunywa, hata kwa valvu. Valvu ipo siku itaachwa wazi.

Boza ndilo linalonitia wasiwasi kuliko vyote. Mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua kwa ukame na mgao ukatangazwa jijini, kila mtu alikimbilia maboza, na kwenye haraka kama ile hakuna anayeuliza maji yamechotwa wapi. Uliza. Dereva anayechota kwenye kizimba cha mamlaka ya maji atakuonyesha risiti. Angalia mpira wa kumiminia: kama umeburuzwa kwenye vumbi, ncha yake ioshwe kwanza. Chota glasi moja kutoka kwenye boza, ipime klorini pale pale, kabla mpira haujagusa tangi lako. Klorini ikiwa sifuri haimaanishi lazima ulikatae, ila inamaanisha maji hayo utayatibu mwenyewe kuanzia mwanzo, na hakuna mzee atakayeyanywa mpaka umalize.

Tangi

Kwanza ukubwa. Kwa mgonjwa aliyelazwa, Shirika la Afya Duniani linahesabu lita 40 hadi 60 kwa siku kwa matumizi yote. Nyumba ya wazee 30, ukichukua lita 50, inahitaji lita 1,500 kila siku, na wazee wasioweza kuzuia haja watakula zaidi kwenye ufuaji. Tangi la lita 5,000 linawavusha siku 3. Tangi kubwa kupita kiasi nalo lina hasara: maji yanakaa muda mrefu, yanapata joto, klorini inaisha.

Tangi liwe na mfuniko unaofunga kwa kufuli. Bomba la kutolea hewa na la kumwagika lifungwe wavu mwembamba, mbu, mijusi na panya wasiingie. Matawi ya mwembe yanayoning'inia juu yake yakatwe, maana popo na ndege hawabagui pa kuachia kinyesi. Likae kivulini ikiwezekana. Tangi jeusi juu ya bati la Dar es Salaam saa nane mchana linapika maji.

Kusafisha, sisi tunafanya kila baada ya miezi 3 na kila tunapotilia shaka boza. Toeni maji yote, sugueni kuta na sakafu kwa brashi ngumu na sabuni, suuzeni mpaka povu liishe. Anayeingia ndani asiwe peke yake. Mwingine asimame mdomoni mwa tangi akimwangalia muda wote, kwa sababu hewa mle ni finyu. Kisha jazeni robo ya tangi kwa maji safi, nyunyizeni klorini ya unga (ile HTH yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70) gramu 80 kwa kila lita 1,000 za ukubwa wa tangi, halafu jazeni mpaka juu. Tangi la lita 5,000 linachukua gramu 400. Fungueni kila koki ya nyumba mpaka msikie harufu ya klorini, kisha fungeni, ili mabomba nayo yapate dawa. Liacheni saa 24. Mkiwa na dharura, mara mbili ya dawa kwa saa 8. Baada ya hapo mwageni yote, mbali na bustani na bwawa la samaki, suuzeni, ndipo mjaze maji ya kunywa. Katika saa hizo wekeni kitambaa chekundu kwenye kila koki na mtu wa zamu awepo koridoni. Mzee mwenye usahaulifu haisomi karatasi uliyobandika.

Dawa, na sirinji ya muuguzi

Vidonge vya kutibu maji vya dukani ni rahisi kwa ndoo ya lita 20: soma pakiti, tia, koroga, funika, subiri nusu saa. Kwa nyumba nzima unahitaji klorini ya unga, na hapa ndipo watu wanapokisia kwa kijiko. Usikisie. Maji ya leo na ya wiki ijayo hayahitaji dawa sawa, kwa sababu uchafu uliomo unakula klorini kwanza, na kinachobaki ndicho kinacholinda.

Anza kwa kuangalia maji kwenye glasi nyeupe dirishani. Kama unaona ukungu, klorini haitafanya kazi yake ipasavyo, vijidudu vinajificha kwenye chembe za udongo. Yaache yatuame usiku kucha, mimina ya juu taratibu, au yachuje kwanza.

Kisha tengeneza dawa mama: gramu 15 za HTH kwenye lita 1 ya maji safi. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni ambayo haipimii chakula tena. Tia unga kwenye maji; kumwaga maji juu ya unga ni hatari. Fanya kazi hiyo nje penye hewa, uvae glovu na miwani, na usiuweke unga huo karibu na mafuta, sabuni ya chooni wala kitu chochote chenye asidi. Koroga kwa mwiko wa plastiki, acha ukungu utuame, chukua maji ya juu. Hiyo ni klorini ya asilimia 1. Weka kwenye chupa isiyopitisha mwanga, andika tarehe, na baada ya wiki tengeneza nyingine.

Sasa panga ndoo nne za plastiki za lita 20, zote zijazwe maji yale yale utakayotibu. Chukua sirinji isiyo na sindano. Ndoo ya kwanza tia mililita 1 ya dawa mama, ya pili 1.5, ya tatu 2, ya nne 2.5. Koroga, funika, subiri dakika 30, kisha pima klorini iliyobaki katika kila moja. Ile inayosoma karibu 0.5, yaani miligramu 0.5 kwa lita, ndiyo dozi yako. Tuseme ni ya tatu, yenye mililita 2. Lita 5,000 ni ndoo 250, basi tangi linahitaji mililita 500 za dawa mama. Hesabu hii iandikwe ukutani kwenye chumba cha dawa, pamoja na tarehe. Maji yakibadilika, chanzo kikibadilika, au mvua kubwa ikinyesha, rudia ndoo nne.

Kupima, tumia kile kisanduku kidogo cha rangi kinachotumika kwenye mabwawa ya kuogelea, chenye vijumba viwili. Unajaza maji, unatia kidonge cha DPD namba 1, unatikisa, unalinganisha rangi ya waridi na iliyochorwa pembeni. Kijumba cha pili kinapima pH, yaani kiwango cha asidi au magadi kwenye maji, kwa kidonge kingine. Ikizidi 8, klorini inakuwa dhaifu na inahitaji muda mrefu zaidi. Kidonge usikishike kwa vidole, kisukume kutoka kwenye karatasi yake moja kwa moja hadi kwenye maji.

Kutoka tangini hadi kitandani

Hapa ndipo ningependa msome taratibu. Kila asubuhi, kabla ya chai, mhudumu wa zamu anapima sehemu tatu: kwenye tangi, kwenye koki ya jikoni, na kwenye kikombe cha kitanda cha mwisho wodini. Anaandika namba tatu kwenye daftari na kusaini. Tangi na koki tunataka karibu 0.5. Kikombeni isipungue 0.2.

Namba hizo tatu zinakuambia mahali ugonjwa ulipo. Tangi likisoma vizuri na koki ikasoma sifuri, tatizo liko kwenye bomba: utando wa ute umeota ndani, au kuna mahali limepasuka. Koki ikiwa nzuri na kikombe kikawa sifuri, tatizo ni mikono, ndoo au jagi. Tangi lenyewe likisoma sifuri, usiendelee kupima kwingine, tibu tangi na wape wazee maji yaliyochemshwa siku hiyo. Nimeona nyumba zinazobadilisha chujio la bei kubwa kumbe shida ni jagi lenye mfuniko uliopotea.

Sheria zetu za ndoo na majagi ni chache na hazina mjadala. Ndoo ya maji ya kunywa ina koki na mfuniko, inakaa juu ya stuli, haitumiki kwa kazi nyingine hata ya dakika moja. Hakuna kuchota. Kata ya kifuu ni nzuri kwa macho na wazee wa pwani wanaipenda, lakini kila anayeishika anaacha mkono wake kwenye maji. Majagi yanamwagwa kila jioni hata kama yamejaa, yanaoshwa kwa sabuni, yanasuuzwa kwa maji yenye klorini na kuanikwa kifudifudi, bila kufutwa kwa kitambaa, maana kile kitambaa cha jikoni ndicho kichafu kuliko vyote. Kikombe kina jina la mzee. Kikombe cha meno ya bandia kiwe cha rangi tofauti kabisa, na meno yaloweshwe na kusuuzwa kwa maji ya kunywa, kwa sababu yanarudi mdomoni.

Jambo jingine la nyumba kama zetu: usiweke kamwe dawa mama, sabuni ya maji wala dawa ya kudekia kwenye chupa ya maji au ya soda. Mzee ambaye akili imechoka akiona chupa anayoijua, atakunywa. Dawa zote ziwe kwenye vyombo vyake, kabatini, kwa kufuli, na ufunguo uwe kwa muuguzi wa zamu. Hata ndoo ya maji ya chooni iwe ya rangi moja isiyofanana na ndoo ya kunywa, nyumba nzima. Baada ya miezi kadhaa hata mzee aliyesahau mengi hujua kwa rangi.

Kuchemsha na kuchuja

Kuchemsha kunaua vijidudu vyote vya kuharisha, pamoja na kriptosporidiamu ambayo klorini haiiwezi. Maji yatokote kabisa, mapovu makubwa yakipanda. Yaache yatokote dakika 1, na mkiwa nyanda za juu kupita mita 2,000, dakika 3. Kwa wazee wanaotumia dawa za saratani, au ambao kinga imeshuka sana, nachemsha hata maji ambayo yana klorini. Yapoe ndani ya sufuria ile ile, ikiwa imefunikwa. Maji yaliyochemshwa hayana mlinzi ndani yake, mkono mmoja mchafu unayarudisha yalikokuwa, kwa hiyo yaishe ndani ya saa 24.

Chujio la mshumaa wa udongo linasaidia kwa maji yenye ukungu, lakini virusi vinapita. Chuja, kisha tia klorini. Mshumaa ukipasuka hata ufa wa unywele, tupa.

Mzee anywe

Unaweza kuwa na maji bora kuliko hospitali zote za mkoa na mzee bado akaishiwa maji mwilini. Kiu hupungua kwa umri. Wengi pia wanajinyima kusudi, hasa kina mama, wakiogopa kuamka usiku au kulowesha shuka na kumsumbua mhudumu. Mwambie kwa upole, "Bibi, wewe kunywa, kukupeleka msalani ni kazi yangu," na kweli umpeleke. Lengo letu ni karibu lita 1.5 kwa siku, ukihesabu chai na uji, isipokuwa yule ambaye daktari amemwekea kikomo kwa sababu ya moyo au figo. Jina lake liandikwe wazi jikoni. Usimuulize mzee kama ana kiu. Mpelekee kikombe nusu, kaa naye, apige mafunda. Nusu kikombe kila saa kinaingia. Jagi zima linamtisha.

Harufu ya klorini inawafukuza. Usijibu kwa kupunguza dozi kwenye tangi. Mimina maji kutoka jagi moja kwenda jingine mara kadhaa, au yapozwe, harufu inapungua. Ndimu ukiikamulia inaondoa harufu, lakini pia inamaliza klorini, kwa hiyo itiwe kikombeni wakati mzee yuko tayari kunywa, kamwe isitiwe kwenye ndoo. Mtungi wa udongo unapoza vizuri, na mabibi wa pwani wanaotaka ufukizwe ubani wafukiziwe, wanakunywa kwa raha. Ila mtungi unakula klorini na moshi wa ubani hauui vijidudu: uwe na mfuniko na koki, uoshwe na ujazwe upya kila siku.

Aliyepata kiharusi na anapaliwa, maji mepesi ni hatari kwake. Mkalishe wima, umpe kwa kijiko, na kama mtaalamu ameagiza maji yazitishwe, yazitishwe kila mara, hata ya kumezea vidonge. Anayelishwa kwa mpira wa puani apewe maji yaliyochemshwa yakapoa.

Maji ya mvuke na ya mashine

Kuna bakteria aitwaye lejionela, aliyejulikana baada ya mlipuko wa homa ya mapafu hotelini Philadelphia, Marekani, mwaka 1976, kwenye mkutano wa askari wastaafu. Anaishi kwenye maji ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 50, na anaingia mwilini kwa kuvuta hewa yenye matone madogo, kwa mfano ya bafu la mvua. Maji ya matangi yetu ya juu ya bati yako humo humo kwenye joto analolipenda, na mapafu ya mzee ndiyo anayoyamaliza. Chumba kinapobaki tupu baada ya mzee kuondoka au kufariki, koki yake na bafu lake vifunguliwe kila wiki kwa dakika kadhaa, taratibu, mtu akisimama pembeni asivute matone. Kichwa cha bafu kifunguliwe, kisuguliwe na kutolewa ukoko wa chumvi. Mwenye hita aiweke nyuzi 60, lakini aweke pia valvu ya kuchanganya kwenye bafu, maana maji ya nyuzi 60 yanababua ngozi ya mzee kwa sekunde chache. Wanaoogesha kwa ndoo na kopo wana nafuu kwenye hili.

Kichupa cha maji kwenye mtungi wa oksijeni na mashine ya kuvutia dawa ya pumu visitiwe maji ya bomba kabisa. Tumieni maji ya hospitali yaliyotakaswa vijidudu na kufungwa, na vikauke kila baada ya matumizi.

Wakiharisha

Wazee wawili wakiharisha ndani ya siku moja, usisubiri wa tatu. Tangu saa hiyo chemsha maji yote ya kunywa na ya kusukutulia. Chota sampuli kabla hujaongeza dawa kwenye tangi, kwa chupa iliyosafishwa na maabara yenyewe, kwa sababu chupa zao huwa na kemikali ya kuzuia klorini isiendelee kuua vijidudu njiani. Iwekwe kwenye barafu na ifike ndani ya saa 6. Unachotaka kusoma kwenye majibu ni E. koli (bakteria wa kinyesi) sifuri katika mililita 100. Mpigie afisa afya wa kata. Dar es Salaam tulishaona, mlipuko wa kipindupindu ulioanza Agosti 2015, jinsi siku moja ya kuchelewa inavyogharimu.

Mzee anayeharisha aanze ORS mara moja, pakiti ya lita 1 kwa lita 1 kamili ya maji salama, kwa mafunda madogo. Pakiti zikiisha, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, kwa lita 1. Mwenye moyo mbovu au figo, mwite daktari huku ukiendelea. Macho yakizama, mkojo ukikoma au akianza kuweweseka, ni hospitali.

Mkiwa na pesa kidogo

Msianze na mashine ya kusafisha maji. Nunueni kwanza kisanduku cha kupimia na vidonge vya DPD, mkiangalia tarehe ya kuisha. Pili, ndoo zenye koki na koki za akiba, kwa kuwa koki ndiyo inayovunjika. Tatu, mifuniko ya majagi na kufuli ya tangi. Nne, kilo moja ya HTH kwenye kopo linalofunga vizuri, ihifadhiwe pakavu. Kipimo cha maabara kifanyike angalau kila msimu wa mvua, masika na vuli, maana ndipo vyoo vinapofurika. Daftari liwe la kurasa nyingi, lifungwe kwa kamba kwenye mlango wa jiko pamoja na kalamu, na anayeingia zamu asaini kwamba ameziona namba tatu za aliyetoka kabla hajapokea funguo.